Mi ni motari wa Goma, sisimizi njo walinifundisha kurudi nyumbani

Siku ile nilipotea mu mji nilizaliwa. Sisemi Kinshasa ao Kampala, nasema Goma, hapa hapa, mahali naendeshaka moto (pikipiki ya kubeba watu) tangu 2014, na mu parkingi yetu ya Majengo wenzangu walikuwa wananiita GPS. Ilikuwa Juni 2021. Tarehe 22 Mei, siku ya posho (jumamosi) usiku, volkano yetu Nyiragongo ililipuka, tarehe 27 wakatuambia tutoke mu mji, watu wakamwagika Sake, Minova, Bukavu, wengine wakavuka Gisenyi kule Rwanda, na sasa kila mtu alikuwa anarudi na matela kichwani. Kliya mmoja (abiria) akanisimamisha, anaomba nimpeleke upande wa Buhene aone kama nyumba ya dada yake bado iko. Tukaenda.

Lava ilikuwa imekata barabara ya Rutshuru. Nyeusi, bado inatoa ka moshi mu mipasuko, vijana walikuwa wameisha kufungua vinjia juu yake kwa miguu tu, ukipita unasikia joto inapanda mu soli ya kiatu. Nikazunguka, nikaingia huku nikatokea kule, nikamshusha, akanilipa, saa kumi na mbili jioni nikageuza moto nirudi. Na hapo mbele yangu sikujua kitu. Mwanga ulikuwa bado upo. Lakini nilikuwa nimekuja nikiangalia upande moja, na sasa ile sehemu ilikuwa na sura ingine kabisa, kama mtu umemfuata nyuma kilometa nzima mgongo wake unaujua vizuri, halafu anageuka, uso haumjui.

Nikasema basi, giza ikiingia nitatafuta ule wekundu. Mtu wa Goma anaelewa. Zamani usiku ulikuwa unainua tu macho, wingu juu ya Nyiragongo liko jekundu kama mtu amewasha mbabula kubwa kule juu, basi unajua mlima uko wapi, unauweka mgongoni, unashuka mpaka ziwa. Lakini ile lava iliyokuwa inachemka mu kreta ilikuwa imetoka yote mu ule mlipuko. Niliinua macho, giza tu. Sikuwahi kufikiria kama ule wekundu ulikuwa unanisaidia, mpaka siku ulikosekana.

Nilizunguka mpaka saa mbili. Mtoto wa miaka kumi hivi njo alinitoa, alipanda nyuma akanionyesha na kidole, kushoto, kushoto tena, hapo. Nikampa faranga mia tano. Akaniuliza: "Tonto, we ni motari wa wapi?" Hiyo swali iliniuma kuliko kupotea kwenyewe.

Sikuambia mtu wa parkingi, ungeambia nani? Nilimwambia tu Prof. Huyu ni kliya wangu wa asubuhi, namtoa Himbi namfikisha ku chuo kikuu mahali anafundisha biolojia, jina lake naacha. Ni mzee mpole lakini ana shida moja, akiona mdudu anasema simama. Siku moja tulichelewa mtihani (yeye njo alikuwa anausimamia!) ju siafu walikuwa wanavuka barabara Katindo na alitaka aone wanaishia wapi. Nilipomsimulia mambo ya Buhene nilifikiri atanicheka. Akasema tu, "Kijana, hukupotea kwa ujinga. Kuna sisimizi wa Australia angepotea sawasawa na wewe, mahali anapita kila siku."

Akanieleza hiyo hadithi tukiwa tumesimama ku rompwe ya Chukudu, ule mzunguko wa barabara, gari za wakubwa zinapita. Kule Australia, upande wa Alice Springs, kuna sisimizi wanawinda mchana mu jua kali, kila mmoja peke yake, anatafuta wadudu waliokufa kwa joto. Kila mmoja ana njia yake kati ya vichaka vya majani, hata wa kiota kimoja hawafuatane, huyu anapita kushoto ya kile kichaka, mwingine kulia, na kesho kila mtu anarudia ya kwake ya jana. Sasa wachunguzi, kati yao mzee mmoja wa chuo kikuu cha Zurich, Uswisi, anaitwa Rüdiger Wehner, wakaweka vizuizi, ili sisimizi waende kwa njia moja na warudi kwa ingine. Wakangojea wazoee. Halafu wakamkamata mmoja anayerudi na chakula mdomoni, wakamweka katikati ya ile njia ya kwenda. Njia yake mwenyewe! Anayopita kila asubuhi!

"Akafanya nini?" nikauliza.

"Akazunguka zunguka. Sawa mtu ametupwa mu mji wa kigeni."

Walitangaza hiyo kazi mu 2006, na maana yake, vile Prof alisema, ni kama sisimizi hana karte (ramani) ya mtaa mu kichwa. Ana picha. Picha za kwenda ziko mu mfuko moja, picha za kurudi mu mfuko mwingine, akiwa anarudi nyumbani haingizi mkono mu mfuko wa kwenda. Nikamwambia Prof hiyo ni sansi inike. Alicheka sana, akasema hata wao waliiita hivyo, njia za upande moja.

Mi ile siku sikufanya kazi vizuri. Nilikuwa nawaza vile sisi watu wa Goma tunaelekezanaka. Nani hapa anakuambia namba ya parsele? Namba ziko, zimeandikwa ku geti na rangi, lakini hakuna anayezitumia, hata mwenye nyumba hazikumbuke. Kliya anakuambia: unafika ku Entrée Président, unaingia mbele, utaona butiki ya kontena iko na rangi ya kampuni ya simu, hapo unapinda, unapita ukuta wa mawe ya volkano, unaona geti ya bluu, ukiona kanisa ya mabati ujue umeisha kupita. Yote ni picha, na yote imepigwa mtu akiwa anatoka mjini anaingia kwake. Hakuna mtu amewahi kuniambia "ukiwa unatoka, geti ya bluu itakuwa kulia". Tena ukuta wa mawe ya volkano, jamani, mu Goma! Ni sawa kusema utaona mtu mwenye miguu miwili. Ndiyo maana motari mpya anafikisha kliya vizuri, halafu kurudi peke yake anachoma esansi ya elfu tano akitafuta barabara kubwa. Sisi wote tulipitia hapo, na tulikuwa tunasema ni ukosefu wa akili.

Jioni nikamuuliza Prof, sasa macho ya sisimizi yanaona nini? Akasema vibaya sana, kwa hesabu yetu. Jicho lake ni vijicho vidogo vidogo vimebanana, wale wa jangwani wana mia kadhaa, wengine wanafikia kama elfu moja kila upande, na jicho halizunguke, limefungwa ku kichwa, akitaka kuangalia pengine lazima ageuze mwili mzima. Picha yake ni ya ukungu ukungu, sawa zile telefone za kwanza za kamera tulikuwa tunaonea fahari. Lakini anaona karibu pande zote kwa mara moja, na huo ukungu unamsaidia: haone jani moja moja, anaona tu umbo kubwa, mahali giza ya chini inakutana na mwanga wa mbingu. Ule mstari wa juu njo anaushika. Mu 2009 wachunguzi walipima ule mstari kule kule Australia, wakajenga ukuta wa bandia mweusi wenye kilele na mabonde sawasawa na ile miti na vichaka vya nyumbani kwao, wakauzungushia sisimizi mahali pengine, na sisimizi wakashika njia ile ukuta ulikuwa unawaonyesha. Hakuna mti hata moja. Umbo tu!

Mi sikuamini kila kitu kirahisi, nilitaka nione na macho yangu. Mu parsele yetu kuna sisimizi wadogo wanatoka mu tundu ya ukuta mpaka ku jikoni ya mama. Siku ya yenga (jumapili) nikaanza maabara yangu. Nikaweka beseni nyekundu kando ya mstari wao. Hakuna. Nikaweka jiwe kubwa, nikaondoa jiwe, nikasimamisha karatasi ya mabati kama ule ukuta wa Australia. Hakuna, wanapita tu, hata hawaangalie. Mama anaangalia mtoto wake wa miaka karibu thelathini amepiga magoti mbele ya sisimizi, anauliza kama mi nimelewa.

Siku ya kwanza, ile jumatatu, nikamwambia Prof sisimizi wako ni waongo. Akasema hapana, ni wewe umechunguza watu wasio wenyewe. Wale wa jikoni wanafuata harufu, mmoja akipata sukari anaacha alama chini wenzake wanafuata. "Lowesha kidole, pangusa mstari kidogo tu." Nilipangusa, kweli, walisimama pande mbili kama magari ku bariere, wanapapasa na pembe zao, hawavuke. Na siafu je? Siafu wafanyakazi hata macho hawana kabisa, jeshi lote lile la kutisha ni vipofu wanashikana kwa harufu na kwa kugusana. Basi kumbe kila ukoo na mtindo wake. Wale wa picha wako mahali harufu haidumu ao chakula kiko kimoja kimoja. Mu jangwa mchanga unaweza kupita nyuzi 60, nani ataweka harufu pale?

Na wale wa jangwa la Tunisia njo walinimaliza kabisa. Kule iko tambarare, hakuna mti, hakuna jiwe, picha utapiga ya nini? Basi wana njia ingine. Wanajua upande kwa jua, na hii iligunduliwa zamani na dakitari mmoja Mswisi aliyekuwa anaishi Kairouan, Santschi, mu 1911: alimfunika sisimizi jua halisi, akamrushia jua kwa kioo kutoka upande mwingine, sisimizi akageuka akatembea kinyume. Na umbali wanaujua kwa hatua. Hatua! Mu 2006 watu watatu, Wittlinger, Wehner na Wolf, waliwangojea sisimizi wafike ku chakula, wakawafunga miguu ya bandia ya manyoya ya nguruwe, hatua zikawa ndefu, wakati wa kurudi wakapita kiota chao wakaenda kutafuta mbele. Wengine wakakatwa miguu ikawa mifupi, wakasimama kabla ya kufika. Mi nilisikia huruma kwa wale wa kukatwa. Lakini nilikumbuka ile mwezi kilometraji ya moto yangu ilikuwa imekufa na nilikuwa najua tu kwa kuhesabu vitesi (gia) na mashimo kama nimefika Mugunga, siku walitia udongo mu mashimo nilipita mahali pa kushusha kliya. Kilio ni kile kile.

Sasa mambo ya mama.

Mi nilikuwa na miaka tisa, tarehe 17 Januari 2002. Nyumba yetu ilikuwa chini kidogo ya uwanja wa ndege. Lava ilipita juu ya sehemu ya piste ikashuka mu mji mpaka ziwani, na sisi tulikimbia Gisenyi kwa miguu, mi nabeba sufuria na kadogo wetu alikuwa mgongoni kwa mama. Kisha siku chache watu wakaanza kurudi, ju Gisenyi hapakuwa na mahali pa kulala. Tukafika mahali nyumba ilikuwa. Unajua kilikuwa nini? Hakuna. Uwanja mweusi, mawimbi mawimbi, unatoa moshi, mabati yamekunjwa kama karatasi. Watu wametembea juu yake na vijiti, kila mtu anatafuta kwake.

Baba aliishi pale miaka kumi na mbili. Alitafuta geti, hakuna geti. Alitafuta ule mwavoka wa ku kona, umeungua. Alitafuta kona yenyewe, kona haipo. Alienda akarudi, akakaa chini juu ya jiwe la moto karibu aungue, akasema hapa si kwetu, hii si Goma. Mi sikuwahi kuona baba vile.

Mama hakutafuta chini. Alisimama anaangalia mbali upande wa ziwa, anasogea hatua mbili kushoto, anasimama, anasogea kidogo nyuma. Baba anamuita, haitike. Halafu akasema, "Hapa. Hapa njo kamba ya nguo." Baba akauliza umejuaje. Akaonyesha: Mlima Goma, ule mdogo wa karibu na bandari, ulikuwa umekaa katikati ya miti miwili ya kalitusi iliyokuwa mbali kule chini, lava haikuifikia. Kila asubuhi akianika nguo alikuwa anauona umekaa pale pale, katikati ya ile miti. Ukiwa ku geti, mlima unajificha nyuma ya mti wa kushoto. Ukiwa jikoni, unaonekana nje ya mti wa kulia. Kisha siku tatu baba aligundua ncha ya nguzo ya feri ya geti yetu inachungulia mu lava, na kutoka pale akapima na hatua mpaka mahali mama alikuwa ameweka alama ya mawe. Kamba ilikuwa pale. Mita moja ao mbili tu ya makosa. Kuna majirani waligombana miaka na miaka ju ya mipaka juu ya ile lava, sisi hatukugombana na mtu, tulijenga juu yake, na mpaka leo tunaishi pale, sakafu yetu imepanda kuliko ya zamani mara mbili ya kimo changu.

Nilipomsimulia Prof hii alivua miwani. Akasema hiyo hiyo, ule mstari wa juu, na mahali unasimama ili picha ya sasa ikubaliane na ile ya mu kichwa. Sisimizi anafanya vile vile, anasogea mpaka zinafanana. Akasema hata hapa Afrika kuna sisimizi mkubwa mweusi wa mu pori anayenuka vibaya, yeye anakumbuka matawi ya juu, vile yanachora mbingu. Mu 1980 Hölldobler aliandika vile alipiga picha ya yale matawi, akaiweka juu ya sisimizi mu chumba, alipozungusha picha na sisimizi wakazungusha njia yao. Halafu Prof akasema, "Mama yako ni sisimizi kamili." Nikamwambia Prof tafadhali hiyo usije ukamwambia ye mwenyewe.

Lakini kitu kilichobadilisha kazi yangu si hicho. Ni namna sisimizi wanaanza kazi. Nilikuwa nafikiri wanazaliwa wanajua. Kumbe kijana wa sisimizi anafanya kwanza kazi za ndani mu giza, kulea watoto, kuchimba, na siku akitoka nje hatumwi chakula. Siku mbili tatu anafanya tu matembezi madogo kuzunguka mlango, sentimita chache, anarudi ndani, kesho mbali kidogo, mduara mwingine. Na akiwa anatembea anasimama anazunguka mwili, na mahali anasimama kuliko pengine ni pale uso wake unaangalia nyumbani. Mlango wenyewe hauoni! Ni katundu mu mchanga, yeye yuko chini, lakini anajua uko upande gani. Wachunguzi wa Ujerumani waliwaangalia hawa kule Ugiriki, mu 2018 wakatangaza kama wanajua ule upande kwa sumaku ya dunia, ju walipogeuza sumaku na waya za umeme kuzunguka mlango, wadogo wakaanza kuangalia mahali si nyumbani. Na haya yote kwa mnyama ambaye kazi yake ya nje, wale wa jangwani, inaishi kama siku sita tu halafu anakufa. Siku sita! Na anakubali kupoteza mbili tatu za mbele kwa kuangalia nyuma.

Mi nilianza moto siku moja. Asubuhi nilijifunza vitesi, mchana nilipata kliya.

Basi nikaanza kufanya sawa sisimizi. Nikifikisha kliya mahali pageni, nikiisha kulipwa, sigeuze moto mara moja. Naenda mbele kidogo, nasimama, natoa kaske (kofia ya motari), nageuka mwili mzima si kichwa tu, naangalia mahali nilitoka vile itakuwa mbele yangu, na naangalia juu, paa gani inakata mbingu, antena iko wapi, Nyiragongo inakaa ku bega gani. Sekunde kumi. Na ku kila kona kubwa, nikiwa bado na kliya, nageuka mara moja. Wengine wanakasirika, "Motari, unatafuta nani?" Mmoja nilimweleza ya sisimizi wa Hispania, wale wakikokota kipande cha biskwiti kikubwa wanatembea kinyumenyume, hawaone mbele, basi mara kwa mara wanaachia biskwiti, wanageuka wanaangalia njia, wanarudi kukokota wakiwa wamerekebisha upande. Nikamwambia we njo biskwiti. Alicheka lakini hakuongeza kitu ku bei.

Mpwa wangu alipotaka kuanza moto mwaka uliopita, nikamwambia wiki ya kwanza hakuna kliya. Siku ya kwanza unazunguka tu karitie, unarudi. Siku ya pili unafika Virunga, unarudi kwa barabara ingine. Unageuka kila kona. Parkingi ilimcheka mpaka wakamtungia jina, Angalia-Nyuma. Na yeye mwenyewe alikuwa ananuna, anasema Tonto, karte iko mu telefone, kwa nini tunateseka. Sikatae telefone. Himbi mahali avenyi zimenyooka inakufikisha. Lakini mu vichochoro vya Ndosho inakupeleka ku ukuta inakuambia endelea mbele, na usiku mahali pengine ukitoa telefone mfukoni huirudishi. Tena unapoiangalia hauangalii barabara, kesho utaihitaji tena, na kesho kutwa. Niliwahi kufuata telefone mara tano mahali pamoja, mara ya sita ilikosa chaji, nilikuwa kama sisimizi wengine wa Australia waliodungwa mu ubongo dawa ya ganzi, sawa ile ya kung'oa jino, mu ile sehemu yenye umbo la uyoga inayoshika picha za njia. Wanatembea vizuri, miguu yote sita inafanya kazi, lakini njia haiwajii.

Mpwa akamaliza wiki yake akaanza kazi. Mwezi wa pili, saa moja usiku, simu inalia. "Tonto, niko nyuma ya Mugunga, sijui natokea wapi." Nikajisikia mwalimu. Nikamuuliza kwa sauti ya Prof: tulia, toa kaske, geuka mwili mzima, niambie mstari wa juu ukoje, mlima unauona ku bega gani?

Akanyamaza kidogo.

"Tonto, kuna mawingu. Mvua inakuja. Sioni mlima, sioni hata ziwa."

Sikuwa na jibu. Mama alikuwa karibu anachambua maharage, akaniomba telefone, akamuuliza kama hakuna mtu anapita. Akasema kuna mzee mmoja na chukudu yake ya makala, ile baisikeli ya mbao ya kusukuma. "Basi umfuate pole pole," mama akasema, "na umsaidie kusukuma ku mupando." Alifika nyumbani saa tatu, amelowa, suruali nyeusi ya makala mpaka magoti.

Asubuhi alirudi kule kule peke yake, bila kliya, jua linawaka. Alikaa saa nzima. Sikumuuliza alikuwa anaangalia nini.